Walininyang'anya Simu, Wakaniachia Masikio

Safu ya Bi Fundi: maswali yenu kuhusu piano

Mwezi huu barua nyingi hazikuuliza habari za nyuzi wala nyundo. Zimeuliza habari za simu. Mhariri alitaka kumpa mwandishi wetu wa teknolojia, nikamwomba aziache hapahapa. Mtu anayeingia sebuleni kwa watu, akaomba wote wanyamaze, kisha akakaa humo saa mbili akitega sikio, ana la kusema kuhusu faragha.

*Bi Fundi, hujambo. Mimi ni msimamizi wa kundi la WhatsApp la mafundi wa piano na vinanda. Tuko sitini na ushei, wengi Kenya, wachache Uganda na Tanzania. Tulilianzisha ili tuulizane mambo ya kazi, lakini hii ni wiki ya tatu hakuna anayeuliza la kazi. Ni nani anasoma jumbe zetu, serikali inafungia nini, VPN ipi nzuri (zile programu za kukwepa mtandao uliofungwa). Juzi nimefuta jumbe kumi na kitu za mwenzetu mmoja. Ameniita dikteta, anasema nawadhibiti watu midomo, na nusu ya kundi iko upande wake. Nimekosea?*
*Msimamizi, Nakuru*

Umekosea, kaka, lakini si pale wanapokwambia umekosea. Ngoja nikupe yangu, maana mimi nilivuruga kukushinda.

Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti yake mapya ya faragha, kundi letu lilishikwa na homa. Wenzangu waliapa kwamba kuanzia hapo Facebook, mwenye WhatsApp, itasoma kila tunachoandikiana. Mazungumzo yenyewe yamefumbwa mwisho hadi mwisho tangu 2016, yaani hayasomwi ila na anayeandika na anayeandikiwa, na masharti yale hayakuligusa hilo, lakini nani alisikia? Tukapiga kura, tukaihamishia Telegram maktaba yetu nzima: michoro ya mitambo ya piano, video za kunoa vichwa vya nyundo, majedwali ya unene wa nyuzi. Gumzo likabaki WhatsApp kwa sababu wazee walikataa katakata kujifunza programu nyingine.

Novemba 2023, katikati ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, Telegram ikagoma nchini. Maktaba iko ndani, sisi tuko nje. (Mwaka uliofuata mambo yakawa yale yale, na safari hiyo ikajulikana wazi kwamba Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo iliyowaandikia watoa huduma waizime mpaka mtihani uishe, kwa ajili ya wizi wa mitihani.) Basi kundi likawaka. Mmoja wetu anafundisha muziki shuleni na watahiniwa wake walikuwa ukumbini wiki hiyo hiyo. Akasema wazime hata WhatsApp, mradi mtoto wake asishindwe na aliyenunua karatasi. Mwingine akamjibu kwamba soko zima halifungwi kwa ajili ya mchopozi mmoja. Fundi wetu wa Arusha akaandika taratibu kwamba sisi Wakenya tunalia mapema: kwao wameshatakiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, wasajili VPN zao kabla ya mwisho wa Oktoba. Hapo ndipo moto ulipotiwa mafuta. Siku mbili, jumbe kama mia mbili.

Nami nilikuwa msimamizi. Alhamisi usiku, miguu imenivimba baada ya kutuni piano tatu za shule moja, nikaketi kitandani nikaanza kufuta. Unajua kinachotokea: ujumbe ukifutwa na msimamizi, mahali pake panabaki kibao kinachosema umefutwa na fulani. Kufikia saa sita usiku kundi lilikuwa limegeuka makaburi, na kila kaburi lina jina langu.

Katikati ya zogo lile, fundi mmoja wa Meru alikuwa ameuliza jambo la kazi. Uzi wa besi umemkatikia kanisani, arusi ni Jumamosi, uzi mpya hauwezi kufika. Je, anaweza kuuunga kwa fundo, na fundo litashika? Watu wawili walishamjibu. Nikafuta swali, nikafuta na majibu, kwa kidole kilekile. Yeye alipoona kaburi lake akadhani nimemkaripia kwa kuuliza kitu cha kitoto, akanyamaza. Ijumaa saa nne usiku akanipigia, sauti imemkauka.

Nilimweleza lile fundo kwa simu, yeye ameshika tochi mdomoni. Uzi ulikuwa umekatikia karibu na kigingi cha kuukazia, pale usipozungushiwa shaba, na hilo ndilo lililomwokoa. Kata kipande cha waya mpya wenye unene sawa na kiini cha uzi wa zamani. Kila ncha ikunje kitanzi, vitanzi vipishane kama watu wawili walioshikana viwiko, kisha vuta kidogo kidogo huku ukivibana kwa koleo ili fundo lijikaze lisije likateleza. Peleka ncha mpya kwenye kigingi. Utaivuta ifike sauti yake na baada ya dakika kumi itakuwa imeshuka. Vuta tena. Aliivuta mara sita kabla ya bibi arusi kuingia. Fundo lile nimeliona kwa macho yangu Aprili iliyopita, bado limeshika.

Sasa turudi kwako. Neno "udhibiti" ni kubwa mno kwa simu ya mtu wa Nakuru. Mtandao ukizimwa kwa nchi nzima, humpati aliyeuzima ukamfokea. Wewe unapatikana, umefokewa, na umeniandikia kuuliza kama umekosea. Lakini ulifuta kwanza ndipo ukasema, kama nilivyofanya mimi. Mtu aliyepoteza maneno yake bila kuambiwa sababu hawezi kuiona tofauti kati yako na mamlaka, na siwezi kumlaumu.

Kwetu Mombasa nyumba ina baraza mlangoni. Wanaume wanakaa pale na kahawa yao, wanazozana siasa mpaka adhana, na hakuna anayewafukuza. Karakana iko nyuma, na huko ukiingia unashika kitu au unampisha mwenzio. Fungua makundi mawili. Moja la baraza, moja la karakana. Mtu akianza habari za VPN karakanani, mwambie "hilo baraza" na umngojee alihamishe mwenyewe. Sisi tumefanya hivyo, na nakwambia ukweli, baraza ndilo linalosomwa zaidi. Nami naingia kila usiku.

Yapo ya kufuta papo hapo bila kuomba radhi: jina la mteja, picha ya ndani ya nyumba yake, na tusi la kikabila. La mwisho usilifanyie mzaha. Kabla ya uchaguzi wa 2017, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano walitoa mwongozo uliomtwika msimamizi jukumu la kuchunga yanayosemwa kwake.

Na usiwadanganye wanakundi kwamba kufumbwa kwa jumbe kunawalinda. Kunawalinda na aliye nje. Ndani mko sitini, kila mmoja ana namba ya mwenzake, na kila mmoja anajua kupiga picha ya skrini.

*Bi Fundi, salamu nyingi. Fundi aliyekuja kututunia piano aliweka simu juu yake, ikawa inaonyesha mshale na namba muda wote. Nilipomuuliza akasema inasikiliza. Nilikaa jikoni nikinong'ona na dada wa kazi kwa saa mbili nyumbani kwangu mwenyewe. Ile simu inasikiliza nini?*
*Mama wa wanafunzi wawili, Nyali*

Pole, dada. Inasikiliza nyuzi, na bila kipazasauti, yaani maikrofoni, haina kazi.

Uzi wa piano ni chuma kigumu. Kwa ugumu huo, sauti ndogondogo zinazopanda juu ya sauti kuu hazikai pale hesabu inapotaka, zinazidi kidogo. Kila piano inazidi kwa namna yake, na ile fupi ya sebuleni inazidi kuliko ndefu ya ukumbini. Ndiyo maana hakuna jedwali moja la kutuni piano zote. Programu inasikiliza nyuzi kadhaa, inapima zimezidi kiasi gani, kisha inapanga mahali pa kila moja ya sauti 88. Haina haja ya kujua majina ya watu kwenye simu ya fundi, wala mahali nyumba yako ilipo. Ikiviomba hivyo, fundi wako ana programu mbaya.

Ukitaka kuhakikisha, mwombe akuonyeshe ruhusa zake. Kipazasauti kiwekwe kitumike programu inapokuwa wazi tu. Kwenye Android kuanzia toleo la 12, kinapotumika panatokea kidoa cha kijani juu ya skrini. Kwenye iPhone tangu iOS 14 ni cha rangi ya chungwa. Akimaliza, kidoa kizimike mbele yako. Fundi anayekasirika kuombwa hivyo, mwache aende akakasirike kwake.

Lakini nikusimulie. Kuna nyumba moja Nairobi, mtaa wenye ua mrefu na mbwa wengi, ambako niliambiwa simu naiacha langoni kwa askari. Sawa. Mimi nilijifunza kazi kabla ya programu hizi. Nikatoa uma wangu wa 440, kile chuma cha panda kinachotoa sauti ya kuanzia, nikaugonga gotini, nikaushikiza kwenye mbao, nikaweka kabari za mpira katikati ya nyuzi na kuanza kuhesabu mawimbi.

Kwa asiyejua: ukipiga sauti mbili pamoja, kati yao panasikika mtetemo, wou-wou-wou, kama mtu anayepepea mkono mbele ya mdomo wake akiimba. Kuna jozi moja katikati ya piano, sauti iitwayo F na A iliyo juu yake, ambayo ikikaa sawa inapepea karibu mara saba kwa sekunde. Ikipepea mara sita haijafika, ikipepea mara nane imepita. Hakuna saa inayokupigia hiyo saba, inakaa mwilini baada ya miaka. Ili uisikie lazima masikio yafunguke yote, na yakifunguka hayachagui.

Chumba cha pili, mlango umerudishwa nusu, wenye nyumba wakaanza mazungumzo. Walizungumza jambo ambalo mtu hulizungumza akijua hakuna simu nyumbani. Wakalizungumza kwa kirefu, na majina, na kiasi. Walininyang'anya simu, wakaniachia masikio. Nilikohoa, nikaangusha spana makusudi, nikapiga sauti za besi kwa nguvu mpaka mbwa wakabweka. Hawakusikia. Kazi ya saa moja na nusu nikaimaliza kwa mbili na nusu, nikalipwa, nikachukua simu yangu langoni. Waliyosema yamebaki palepale yaliposemwa, na usiniulize ni mtaa gani.

Kwa hiyo, dada, muulize fundi wako kuhusu kidoa cha kijani, kisha uulize mji mzima kuhusu ulimi wake. Na nami niwaombe wenye nyumba kitu kimoja: mkiwa na kamera sebuleni, tuambieni. Nimewahi kumaliza kazi, nikala andazi langu na kuimba peke yangu, tena taarabu, kwa mikono na mabega. Mwenye nyumba, aliye Dubai, akanitumia ujumbe kwamba nina sauti nzuri.

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi kijana, nina miaka miwili kazini. Nikiweka picha za kazi mtandaoni napata wateja. Mzee aliyenifundisha anasema nitafungwa. Ni kweli?*
*Fundi mdogo, Kisumu*

Marahaba mwanangu. Kifungo sidhani, faini ndiyo. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kusambaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na kilabu kimoja cha Nairobi kikatozwa karibu milioni mbili kwa picha ya mteja aliyekuja kujistarehesha. Sasa fikiria wewe na ile picha uliyompiga mwanafunzi akijaribu piano uliyomtengenezea.

Wengi wetu hujificha nyuma ya udogo wetu. Ni kweli kwamba biashara yenye mapato chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi haikulazimishwa kujisajili kwa Kamishna, isipokuwa kwa kazi fulani maalum. Lakini kusamehewa usajili si kusamehewa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu siku unayoandika daftarini jina la mteja, namba yake, na kwamba funguo za nyumba huachwa kwa jirani. Daftari hilo, wallahi, lifungie kabatini.

Picha piga, ila omba kwanza, kwa maandishi hata ya mstari mmoja. Kisha ingia ndani ya piano. Nyundo zilizoliwa na nondo, kutu kwenye nyuzi za pwani, penseli na sarafu ulizozikuta chini ya vibao vya kubonyeza: hizo ndizo zinazoleta wateja, na hazina uso wa mtu.

Jihadhari na kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Piano nyeusi inayong'aa ni kioo. Niliwahi kuipiga picha moja nzuri sana, kifuniko kimefunguliwa, mwanga umelala vizuri, nikawatumia wenzangu karakanani. Dakika mbili baadaye mmoja akauliza: "Huyo mama wa kanga ni nani?" Nikaikuza. Ndani ya kifuniko, wazi kabisa, mwenye nyumba yuko mlangoni na kanga moja, kikombe mkononi, anapiga mwayo. Niliifuta kwa wote, nikampigia kila aliyekwisha kuiona, na yule mama nikamwambia mwenyewe. Alicheka. Mume wake hakucheka. Tangu siku hiyo natembea na shuka jeusi begini, nalitundika nyuma yangu kabla ya kupiga.

Na picha ukiituma WhatsApp kama kawaida, taarifa za mahali ilipopigwa huondolewa. Ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, husafiri nazo. Zizime kwenye kamera kabisa.

*Asalaam aleikum Bi Fundi. Marehemu babu ameacha piano kongwe, vibao vyake vyeupe ni pembe za ndovu. Nimevitangaza mtandaoni mara mbili, mara mbili tangazo limefutwa. Huu si udhibiti? Mali ni yetu.*
*Mjukuu, Mji wa Kale, Mombasa*

Wa aleikum salaam. Huu si udhibiti, bwana mdogo, na tafadhali usitangaze mara ya tatu. Biashara ya pembe kati ya mataifa ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 1989, eBay ikaziondoa pembe kwenye soko lake tangu 2009, na hapa Kenya hata kuwa nazo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Kabla ya lolote nenda afisi ya KWS, Shirika la Huduma za Wanyamapori, au umtume wakili, ukaulize hali ya hiyo piano ya babu.

Uchungu wako nauelewa, maana pembe hizo huenda zilipita jirani. Katika karne ya 19 viwanda vya vibao vya piano vya Connecticut, Marekani, katika miji ya Deep River na Ivoryton, vilinunua pembe kwa shehena kutoka Unguja. Zilibebwa mabegani kutoka bara mpaka pwani, zikavuka bahari, zikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani kwenye vibanda vya vioo ili ziwe nyeupe, kisha baadhi zikarudi huku zimebandikwa kwenye piano za watu wenye nafasi.

Lakini una hakika kuwa ni pembe? Nusu ya "pembe" nilizoitiwa zilikuwa plastiki. Fungua kifuniko, simama dirishani, uangalie kibao cheupe pale kinapoanza kuwa chembamba kati ya vyeusi viwili. Cha pembe mara nyingi kina mstari mwembamba wa kukingama, kwa sababu kiliungwa kwa vipande viwili, cha mbele na cha nyuma. Kiinamishie mwanga, utaona na vijistari kama vya ncha ya kidole. Cha plastiki ni kipande kimoja, laini, hakina kitu.

Ukishindwa kutambua, piga picha ya kibao kimoja kwa karibu, uilete kwa afisi ya gazeti, iandikwe jina langu. Usiiweke kundini. Na kama piano ni nyeusi, vaa shati.